Mkoba wa Shangazi Uliomla Madoa

Jumatatu, 16 Desemba

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Sijawahi kushika mkoba orijino maishani mwangu. Naliandika hapa kwa sababu tangu jana asubuhi mimi ndiye mtaalamu wa mikoba orijino wa Bariadi nzima, na hapa kwenye kaunta buku langu la uraia, ambalo lilibaki na kurasa nyingi baada ya mtihani wa kidato cha nne, hakuna atakayenicheka.

Ilikuwa hivi. Kanisani tulikaa nyuma ya Mama Blandina. Alikuwa na mkoba mpya wa Delorani, ule wa Kiitaliano wenye herufi D kubwa ya dhahabu. Shangazi Mektilda aliutazama kuanzia somo la kwanza mpaka mahubiri. Nikamwonea huruma. Nikamnong'oneza kwamba mkia wa ile D umepinda kushoto, na Delorani ya kweli mkia hupinda kulia, kwa hiyo ule ni feki. Niliona kwenye video. Nilitaka tu asikilize mahubiri.

Hakusikiliza mahubiri. Alinishika mkono mpaka baraka ya mwisho, na tulipotoka nje alikuwa amepungua miaka kumi.

Tatizo ni kwamba mimi siongei. Mwalimu wa jiografia aliniita "wewe wa dirishani" kwa miaka minne. Mtu asiyeongea akisema sentensi moja, watu hudhani ameifikiria sana.

Leo Shangazi amenipa kazi. Binti yake, Pelagia, ana sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, tarehe 28. Shangazi anataka aingie ukumbini na Delorani ya kweli, na Mama Blandina awe meza ya karibu. Nimtafutie mtandaoni. Nikifaulu, kuanzia Januari napewa kona ya duka lake la vitenge, nyuma ya pazia, niuze mikoba kwa simu. Kwa kuandika tu. Bila kumwona mteja uso kwa uso. Sijawahi kusikia kazi nzuri namna hiyo. Nikishindwa, naongozana naye minadani kila wiki kushika spika na kuita "njoo uone, njoo uone, kitenge hiki hakichuji."

Nimekubali.

Jumanne, 17 Desemba

Madoa ameuzwa.

Madoa ni mtamba. Alikuwa mtamba, kwetu. Alikuja mwezi wa saba pamoja na ng'ombe wengine wa mahari ya Pelagia, kutoka kwa wakwe kule Lalago. Mweupe mwenye madoa meusi, na moja la pembetatu juu ya jicho. Baba mkwe, Mzee Luhende, alimchagua mwenyewe zizini. Leo amekwenda mnadani akageuka kuwa mkoba ambao haujapatikana.

Baba amefika kutoka Kasoli kusaidia maandalizi. Yeye ni kaka wa Shangazi, na ni karani wa pamba. Msimu wa kununua ukiisha huwa hana la kufanya ila kupanda yake na kukosoa ya wengine. Alipoambiwa, alikaa kwenye kigoda akauliza kama mkoba una miguu mingapi. Akauliza utazaa lini. Shangazi akamjibu kwamba mkoba hauhitaji josho. Baba akasema haya, lakini Mzee Luhende anakumbuka ng'ombe kuliko anavyokumbuka wajukuu, siku akiuliza mtamwambiaje? Shangazi akasema katika ng'ombe wote wale hawezi kumuulizia mmoja.

Baadaye Baba aliniita pembeni akaniambia nisinunue kitu kwa kukitazama juu. Mkulima mjanja, alisema, gunia lake juu anaweka pamba safi nyeupe. Katikati anaficha fifi, ile chafu ya daraja la pili. Chini kabisa mchanga. Karani anayetazama juu tu anafukuzwa kazi. Yeye huzamisha mkono mpaka kwapani, akashika ya katikati, akaitoa, akaivuta nyuzi mbele ya mwenyewe. Miaka kumi na tisa hajawahi kupitishiwa gunia.

Nimeandika kwenye jalada: KATIKATI.

Jumatano, 18 Desemba

Nimeanza rasmi. Nimeandika barua kwa muuzaji wa kwanza wa mtandaoni. Anwani yangu juu kulia, tarehe, anwani yake kushoto, YAH: KUULIZIA UHALISI WA MKOBA. Barua yenye aya tatu. Nilipata alama zote kwenye barua rasmi.

Alijibu: "Mambo mrembo, ipo."

Nikamwandikia tena kumuuliza kwa heshima kama ni orijino. Akasema zote ni orijino, ila niseme nataka orijino ipi, maana ana orijino yenyewe, orijino kopi na orijino ya kawaida. Nikamuuliza tofauti. Akasema hakuna tofauti, ni orijino zote. Nilimshukuru, nikamaliza kwa "wako mtiifu", nikamfungia asinipate tena.

Wa pili alinitumia picha ya mkoba ukiwa na maji yanayotiririka juu yake. Sikuelewa ilithibitisha nini. Labda kwamba ni ndoo.

Wa tatu anaitwa Flora, yuko Dar es Salaam. Huyu ni mtu wa maana. Alisoma barua yote. Alisema mkoba ulitumiwa na mama mmoja aliyehama nchi, una mkwaruzo chini, na hataki kunidanganya kuhusu mkwaruzo. Nikamtumia maswali kumi na moja. Alijibu yote kwa picha. Mshono wa nje: umelala upande mmoja, sawasawa, kama mpunga uliopandwa kwa kamba. Zipu ina jina. Kadi ina namba. Picha ya ile D peke yake haikutoka vizuri, mwanga wa simu uliangukia hapohapo kwenye mkia. Ningemwomba nyingine, lakini swali la kumi na mbili niliona ni utovu wa adabu.

Sharti lake ni moja. Mkoba haurudishwi kama mshono wowote umeguswa. Niliona hilo halinihusu.

Ijumaa, 20 Desemba

Mkoba umepakiwa kwenye basi. Shangazi amenunua hanga jipya la kuutundikia. Pelagia aliuliza kama kuna mtu anakumbuka kwamba ni sendofu yake. Shangazi akamwambia asiwe na wivu kwa mama yake.

Nimekutana na Blandina sokoni. Tulikaa dawati moja miaka miwili na aliongea kwa niaba yetu wote wawili. Sasa anauza kava za simu stendi. Akaniita kwa sauti, "Mtaalamu!" Watu watatu waligeuka. Akasema amesikia mkoba wa mama yake ni feki, na kwamba taarifa imetoka kwangu, na imefika jumuiya zote mpaka Kidinda. Akaniuliza mimi nimejulia wapi mikoba, kwenye kitabu cha kilimo? Nilitaka kumjibu vikali sana. Nilinunua nyanya.

Jumamosi, 21 Desemba

Umefika.

Ofisi ya basi ilikuwa imejaa vifurushi vya Krismasi. Yule kijana wa mizigo aliita "Wema wa mkoba" kwenye spika mara tatu kabla sijapata ujasiri wa kunyoosha mkono.

Tulifungulia sebuleni. Kwanza boksi, halafu mfuko wa kitambaa wenye kamba, halafu wenyewe. Kahawia, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Nikisema laini sijasema kitu. Ulikaa mezani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa chakula. Shangazi hakuugusa. Alinawa mikono kwanza. Hata Baba alivua kofia, ingawa baadaye alisema ni joto.

Baba akaunusa. Akasema ni ngozi, lakini hata gundi siku hizi wanaitia harufu ya ngozi.

Ndipo nilipoiona ile D. Mkia umepinda kushoto.

Nilitegemea Shangazi hataona. Aliona. Aliuliza mbona mkia uko kushoto kama wa Mama Blandina. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Nikasema kanisani tulikaa nyuma. Mkoba wa Mama Blandina ulipinda kushoto kwake yeye, huu unapinda kushoto kwetu sisi. Inategemea mtu amekaa upande gani.

Shangazi alifikiri. Akasema anapenda kukaa upande wetu.

Ningepona, kama Blandina asingepita jioni eti kuazima karai. Alisimama mlangoni na karai kichwani, akautazama mkoba akasema, "Mayu we, pacha wake yuko nyumbani." Akaeleza taratibu, kama mwalimu, kwamba kama ule ni feki na huu ni feki, na kama huu ni orijino basi tumwombe mama yake radhi mbele ya jumuiya. Akaondoka na karai.

Shangazi alikaa akinitazama. Halafu akasema polepole kwamba ng'ombe wa mahari hauzwi mara mbili, na kwamba ananiamini. Kama angenifokea ingekuwa nafuu.

Jumatatu, 23 Desemba

Naandika haraka. Shangazi na Pelagia wamekwenda kanisani kupamba pango. Baba yuko kwa fundi baiskeli. Mimi na mkoba tumebaki.

Nilianza kwa kuupima kwa kila kitu nilichojifunza. Mshono umefaulu, zipu imefaulu, harufu imefaulu. Mkia umefeli. Siwezi kuingia sendofu na mkia uliofeli. Nikatazama jalada la kaunta buku. KATIKATI. Nilizamisha mkono mkobani mpaka kwapani, lakini mkoba hauna katikati kama gunia. Una bitana. Katikati yake iko nyuma ya bitana.

Wembe ulikuwa kwenye kabati.

Nilikata nyuzi tatu tu. Nne. Halafu kiganja hakikuingia, nikakata mpaka kikaingia. Nikatoa kilichokuwa ndani nikakivuta mbele ya dirisha kama Baba. Ni turubai ya pamba. Nyeupe kabisa, nyuzi ndefu, hakuna taka, hakuna gazeti, hakuna boksi. Daraja la kwanza. Na kwenye kona kuna kipande kidogo cha ngozi chenye namba, na namba ni ileile ya kwenye kadi. Hakuna mwongo anayeficha ukweli mahali ambapo hakuna mtu atakayetazama.

Ni orijino. Nilikaa sakafuni nikaukumbatia. Madoa hakufa bure, nilisema kwa sauti, ingawa Madoa hajafa, yuko kwa mtu Malampaka.

Kisha nikaanza kushona. Sindano ya kawaida ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Nikachukua shazia ya Baba, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na uzi wa magunia, kwa sababu ndio uliokuwepo. Nimeshona kwa moyo wote. Mshono umetoka kama barabara ya Kasoli wakati wa masika.

Baba akarudi akiitafuta shazia. Nilikuwa nimeikalia. Aliuliza mbona nimekaa wima hivyo. Nikasema nina furaha.

Baada ya hapo nilitazama tena ile video, nijue kwa nini mkia umefeli. Nyuma ya dada anayeeleza kuna saa ya ukutani. Mshale wake unazunguka kinyume. Na maandishi ya kwenye fulana yake yanasomeka kutoka kulia. Alijirekodi kwa kamera ya mbele, na picha yote imegeuka.

Kwa hiyo mkia wa kushoto ndio sahihi.

Kwa hiyo mkoba wa Mama Blandina...

Sikumalizia wazo hilo. Nilikwenda kuosha vyombo.

Jumatano, 25 Desemba. Krismasi

Pilau. Soda mbili kwa kila mtu. Mvua nzuri, Baba anasema pamba itaota vizuri mwaka huu. Nilikuwa na amani mpaka saa nane mchana.

Saa nane Shangazi aliamua kuuzoea mkoba. Alitia leso, rozari na simu, akatoa, akatia tena. Mkono wake ukasimama ndani. Akauliza hiki kinachokwaruza ni kitu gani.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Niliiona kabisa, ilikuwa mbele yangu kama sahani. Nikasema ule ni mshono wa mkono. Nikasema mashine hushona feki. Orijino, mahali fulani ndani, lazima iwe na mshono mmoja wa mkono, ni kama sahihi ya fundi. Nikasema wengi hawajui.

Macho ya Shangazi yalilowa. Akasema kumbe kuna mzee huko Ulaya amekaa na sindano kwa ajili yake. Alinikatia paja la kuku ambalo lilikuwa la Baba.

Kufikia jioni alikuwa amewaambia akina mama wote wa jumuiya. Blandina amenitumia ujumbe wa neno moja: "Mkono?"

Jumamosi, 28 Desemba

Sendofu. Naandika yote kwa utaratibu, maana bado naisikia spika masikioni.

Shangazi aliingia na kitenge cha zambarau na mkoba mkononi, akipita katikati ya meza taratibu kuliko bibi harusi mwenyewe. Mama Blandina alikuwa meza ya pili. Mkoba wake aliuweka chini ya kiti. Nilipouona pale chini, nikasogeza sahani kando.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakwe walipopewa kipaza sauti. Mzee Luhende alisimama. Mrefu, fimbo, koti la suti na kandambili za tairi. Alisalimia, "Mwadila," ukumbi ukaitikia. Akashukuru kwa binti. Akasema familia yake haina swali, ila yeye mwenyewe ana dogo. Yule mtamba mwenye pembetatu juu ya jicho anaendeleaje? Ameshika mimba?

Nilisikia feni. Baba akaanza kuchunguza chumvi.

Shangazi alisimama. Nitamheshimu mpaka nizeeke. Akachukua kipaza sauti akasema Madoa hajambo, yupo, amekuja naye. Akauinua mkoba juu.

Wapo waliocheka wakidhani ni utani wa wakwe. Mzee Luhende hakucheka. Akauliza anakamuliwa saa ngapi. Hapo wakacheka wote. Akatembea mpaka meza kuu, fimbo ikigonga sakafu, akaomba amwone ng'ombe wake. Aliunusa mkoba. Akaubonyeza kwa kidole gumba akaangalia mikunjo inavyorudi. Akaukunja mkanda, akauacha. Halafu akazamisha mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, na nikajua.

Mkono ulisimama. Akauliza, kwenye kipaza sauti, nani ameshona hapa.

Shangazi kwa fahari akaninyooshea kidole, akasema mtaalamu ataeleza. Kipaza sauti kikaja. Ukumbi mzima uligeuka, meza kwa meza. Mama Blandina alinyanyuka kidogo ili aone. Nilijua kwamba nikikosea hapa, si kona yangu tu inayokwenda. Shangazi atakuwa mama aliyeuza ng'ombe wa mahari ya mwanawe kwa gunia la fifi, na wakwe wataisimulia Lalago mpaka wajukuu wa Pelagia waisikie.

Nikasema, "Ni mkono." Sauti ilitoka kama ya mtu aliye kisimani.

Mzee Luhende alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Akasema ngozi ni ya ndama, ya kweli, imelainishwa na mtu anayejua kazi. Mshono wa nje ni mzuri ila ni wa kutazamwa. Huu wa ndani hauna uzuri wowote, na ndio pekee atakaouamini akibebea mzigo. Akasema huko Ulaya kwenye kiwanda hicho lazima kuna mtu aliyekulia kwenye pamba, maana hivi ndivyo gunia linavyofungwa mdomo. Akamrudishia Shangazi mkoba kwa mikono miwili, akasema wabeja, asanteni, Madoa amepata kazi nyepesi, lakini safari ijayo mkitaka kuuza mniambie nilete dume.

Makofi. Vigelegele. Shangazi alilia mpaka leso ikatoka mkobani.

Baba alitazama ukumbi mzima isipokuwa mimi.

Jumatatu, 30 Desemba

Shangazi amepima pazia la kona yangu. La kijani. Nilikuwa nimelishika nikijifunika na kujifunua, kujizoesha, Mama Blandina alipoingia dukani. Blandina nyuma yake. Mkoba wao ulikuwa umefungwa kwenye khanga kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Mama Blandina aliongea kwa upole ambao sijauzoea. Akaniita mwanangu. Akasema tangu sendofu ametia mkono mkobani kila asubuhi na hajaupata mshono. Mkoba huo alinunuliwa na kaka yake, kitu cha kwanza kumnunulia tangu wawazike wazazi wao, na hataki kumuuliza kaka kama alidanganywa. Afadhali aujue ukweli kwangu. Blandina alitazama chini, na hakusema neno. Sijawahi kumwona hivyo. Ilitisha.

Ilikuwa rahisi sana. Ningesema: Mama, video ilikuwa imegeuka. Mkia wa kushoto ndio sahihi. Mkoba wako pengine ni wa kweli, na mimi nilisema vile kanisani kwa sababu ya mahubiri. Nilifungua mdomo. Wote wawili walisogea mbele.

Nikasema, "Niachieni mpaka kesho."

Jumanne, 31 Desemba

Siku ya mwisho ya mwaka. Siku nzuri kuliko zote.

Shangazi alikwenda kumsindikiza Pelagia kusuka. Nilichukua wembe. Nilikata nyuzi kwa uangalifu. Nyuma ya bitana: turubai nyeupe, nyuzi ndefu, daraja la kwanza. Kipande cha ngozi kwenye kona, na namba yake. Pacha kabisa, kama Blandina alivyosema. Kaka hakudanganywa. Nilifurahi kweli, kwa ajili yake na kwa ajili ya Mama Blandina.

Kisha nikashona kwa shazia. Safari hii mshono umenyooka zaidi.

Walipokuja mchana nilimwambia Mama Blandina kwamba ni orijino na mshono ulikuwemo siku zote, ila uko ndani sana, mtu mwenye haraka haupati. Akatia mkono. Nilimwona akitafuta, akitafuta, halafu uso wake ukawaka wote. Alinikumbatia mpaka miguu ikanyanyuka. Ameniletea jogoo. Blandina naye akatia mkono, akaukuta, akanitazama kwa heshima. Akasema ataniletea wateja wa stendi, nimpe tu asilimia. Sasa naye yuko upande wangu, na yeye anaongea kwa niaba ya watu kumi.

Shangazi aliporudi alinuna. Aliuliza inawezekanaje Mama Blandina naye awe na orijino. Nikamwambia ni orijino, ndiyo, lakini fifi. Akafikiri, akatabasamu, akaenda kumchinja jogoo.

Pazia limetundikwa. Kuna kiti, meza, na chaji ya simu. Alhamisi naletewa mikoba miwili ya akina mama wa jumuiya, na mke wa mwalimu mkuu ameuliza kama nina nafasi. Nimeuona mkoba wake kwa mbali. Unang'aa kama ndoo, na D yake haina mkia kabisa. Si kitu. Utakuwa na mshono.

Nimejifunza mengi mwezi huu, na naingia mwaka mpya mwenye hekima. Kwanza, uzi wa kahawia unafaa kuliko wa magunia. Nimenunua. Pili, wembe mmoja hautoshi. Nimenunua pakiti.

Basi wewe unayesoma, kama ni kaunta buku peke yake sawa, na kama ni mtu uliyeliokota mahali, nakuomba kwa heshima, ningekuandikia barua rasmi kama ningejua anwani yako. Usimwambie mtu. Usimwambie Shangazi, maana anamwombea yule fundi wa Ulaya kila asubuhi. Usimwambie Mzee Luhende. Na zaidi ya wote usimwambie Baba. Yuko hapo nje sasa hivi, ananiuliza kupitia pazia kama nimeiona shazia yake.